Pilipili iliyo shamba: mashabiki, hadithi zao na ugomvi wa ladha

Nilivyokuwa form two kulikuwa na kaunta buku moja inazunguka bwenini, kitanda hadi kitanda. Ndani yake kuna muendelezo wa tamthilia ya Kifilipino iliyokuwa inarushwa kipindi hicho, ile ambayo shule ilifunguliwa dada wa watu hajachagua bado kati ya wanaume wawili, na kwa kuwa bwenini TV hamna, mwenzetu mmoja akaamua kujiandikia mwenyewe. Akamwozesha kwa yule tajiri. Wee! Ndani ya wiki nusu ya bweni haisemeshani na nusu nyingine, wale wa upande wa fundi magari wanadai mwandishi kapotosha hadithi ya watu, na usiku mmoja kurasa sita zikachanwa na mpaka leo hakuna aliyekiri.

Sikujua kama kitu kile kina jina. Kumbe duniani kuna mamilioni ya watu wanafanya hivohivo kila siku, wanachukua wahusika wa tamthilia au kitabu au katuni au gemu, wanawaandikia maisha mengine, na inaitwa fanfiki. Na kumbe wanagombana vilevile, tena wao hawachani kurasa, wanaripotiana mpaka mitandao inafungwa. Nimekaa humo kama msomaji miaka mingi sasa, naandika kidogo pia ila simuonyeshi mtu, na swali nalotaka kulifungua hapa ni moja tu: watu ambao wote wanapenda kitu kilekile, kwanini wanachukiana hivi, na ni nini huwa kinaleta amani pale inapopatikana.

Kwanza uelewe ladha zenyewe zinavyopishana maana mtu wa nje akisikia anadhani ugomvi wote ni mambo ya chumbani. Hapana. Kuna mtu hataki kabisa kuona mhusika wake anakufa, na kuna mwingine asipolia hajasoma. Kuna wanaopenda wahusika wahamishwe kwenye ulimwengu mwingine, mashujaa wa vita vya anga wawe wauza kahawa mtaani, hiyo inapendwa sana na mimi mwenyewe siielewi, kama ni wauza kahawa si ungeandika tu wauza kahawa. Kuna wanaotaka hadithi iambae na hadithi mama, yaani ile ya asili, bila kukosea hata rangi ya shati, na wengine hadithi mama hawajaiangalia kabisa, wanawajua wahusika kupitia fanfiki tu. Wapo wasiogusa hadithi isiyokamilika. Kwenye Wattpad, ule mtandao ulioanzia Toronto mwaka 2006, zipo hadithi kibao ambazo mhusika mkuu ni wewe msomaji, jina lako unalijaza kichwani, na kuna watu ukiwatajia tu staili hiyo wanashika kichwa.

Halafu ndo kuna kushipu. Neno limekatwa kwenye neno la Kiingereza la uhusiano, na maana yake ni kutaka fulani na fulani wawe pamoja. Hapa ndo damu inamwagika.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Harry Potter, vile vitabu vya kijana mchawi na marafiki zake Ron na Hermione. Miaka ya mwanzo ya 2000 mashabiki walikuwa kambi mbili, wanaotaka Hermione awe na Ron na wanaotaka awe na Harry, na kila kambi ilikuwa na tovuti zake na watu wanaandika insha ndefu kama za chuo kuthibitisha kwamba ushahidi wa vitabuni uko upande wao. Julai 2005, kitabu cha sita kilipotoka, J.K. Rowling akahojiwa na mashabiki wawili wenye tovuti kubwa, na mmoja wao akasema wanaotaka Harry na Hermione wanajidanganya. Mwandishi akacheka, neno lile mwenyewe akakataa kulirudia, akasema hao bado ni wasomaji wake anaowathamini, ila akaweka wazi kwamba dalili za Ron na Hermione alizitupa kubwa kubwa. Moto uliowaka hapo ni wa miaka. Sasa cheka na mimi: mwaka 2014, kwenye mahojiano na Emma Watson aliyecheza Hermione kwenye filamu, Rowling huyohuyo akakiri kwamba Ron na Hermione aliwaweka pamoja zaidi kwa sababu aling'ang'ania wazo lake la mwanzo kuliko sababu za kifasihi. Yaani hata aliyeandika hadithi mama, ukimngoja miaka tisa, anabadilisha ladha.

Tatizo la ugomvi ule halikuwa kwamba watu wanapenda vitu tofauti, lilikuwa ni kwamba kila mtu alitaka ladha yake iwe ukweli. Asingetosheka kusema napenda hii, alitaka useme na wewe kwamba hii ndo sahihi na ile yako ni ujinga, na akiona ujinga hautoshi anasema ni ugonjwa, na akiona ugonjwa hautoshi anasema ni dhambi. Hiyo ngazi ya kupanda, kutoka sipendi hadi haifai hadi wewe ni mtu mbaya, ukiijua utaiona kila mahali.

Wahenga wetu walishasema pilipili iliyo shamba yakuwashia nini. Ukiwaingiza mashabiki wa Kimarekani hapo wangekupigia makofi maana na wao wana misemo yao ya namna hiyo, wanasema kama hupendi usisome, na kuna mwingine mrefu ambao wanaufupisha kwa herufi YKINMKATO, kwa maneno yetu ni kama kinachokunogea wewe hakininogei mimi na wala hakuna tabu. Vizuri. Ila methali ina sharti moja ambalo huwa tunalisahau, kwamba pilipili iko SHAMBA. Ikishaingia kwenye sufuria tunayokula wote, inaniwasha, na una wajibu wa kuniambia kabla sijaweka mdomoni. Na historia nzima ya amani kwenye fanfiki ni historia ya swali hilo, kwamba pilipili iko shamba au iko kwenye sufuria.

Zamani ilikuwa shamba kweli. Star Trek, tamthilia ya TV ya safari za anga, ilianza kurushwa Marekani mwaka 1966 na mwaka uliofuata tu mashabiki wakatoa kijarida chao cha kwanza kinaitwa Spockanalia, waandishi wengi wakiwa wanawake. Mwaka 1974 ikachapwa kwenye kijarida kingine hadithi fupi inayodokeza mapenzi kati ya nahodha Kirk na Spock, na kuanzia hapo aina hiyo ya hadithi za wanaume wawili ikapata jina kutokana na ile alama ya mkwaju wanayoiweka katikati ya majina, Kirk/Spock, ikaitwa slash. Wapo waliochukia kupita maelezo. Lakini kijarida kama hicho hukipati kwa bahati mbaya, unaandika barua, unatuma hela, mara nyingine unatia saini kwamba umri wako umefika, unangoja posta. Asiyetaka hakioni. Kwa hiyo uzio ulikuwepo bila mtu kuujenga, posta ndo ilikuwa uzio.

Intaneti ikaung'oa. Mwaka 1998 ikaanza FanFiction.Net, hadithi za kila aina chini ya paa moja, mtoto wa miaka kumi na mbili na mama wa watoto watatu wanapitia mlango uleule. Mwaka 2002 wenye tovuti wakaamua hadithi za kikubwa zote ziondoke. Unaweza kusema sawa tovuti ni yao, lakini kwa mwandishi aliyeamka akakuta kazi ya miaka haipo, hiyo siyo amani, hiyo ni kuhamishwa. Watu wakatawanyika, wengi wakaangukia LiveJournal, mtandao wa blogu.

Na huko nako mwisho wa Mei 2007 yakatokea makubwa. Kikundi kimoja cha wanaharakati kikaibana kampuni kikisema humo kuna wahalifu wanaodhuru watoto, kampuni ikafunga kwa mkupuo akaunti zinazokadiriwa kufika 500, na jina la akaunti iliyofungwa lilikuwa linaonekana limepigwa mstari katikati ndo maana tukio lenyewe mpaka leo linaitwa jina la huo mstari. Walichokuwa wanaangalia ni maneno ambayo mtu ameyaandika kwenye orodha ya mambo yanayomhusu. Kwa hiyo pamoja na fanfiki wakafagiliwa watu waliodhulumiwa utotoni waliokuwa wanasaidiana humo, na kikundi cha wanaozungumza Kihispania waliokuwa wanajadili Lolita, riwaya ya Nabokov kuhusu mtu mzima anayemtamani mtoto. Kampuni iliomba radhi na wengi wakarudishiwa, ila imani ilishatoka. Huo ndo ubaya wa kusuluhisha ladha kwa ufagio, ufagio haujui kusoma.

Siku chache tu kabla ya hapo, mwezi huohuo, mwandishi mmoja shabiki alikuwa ameandika wito kwamba tujenge ghala letu wenyewe, lisilo na matangazo, lisilo la biashara, tumiliki seva wenyewe. Wengi walikuwa wameudhika na kampuni nyingine iliyotaka kutengeneza hela kwa hadithi zao. Likaundwa shirika, na Novemba 2009 likafunguliwa ghala linaloitwa Archive of Our Own, AO3 kwa kifupi. Leo lina hadithi zaidi ya milioni 10 na mwaka 2019 kule Dublin likapewa tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za sayansi na miujiza ambayo waandishi wakubwa wanaililia.

Nataka nikae hapa kidogo maana watu wengi wanaitumia AO3 bila kugundua kwamba ile fomu ya kupandisha hadithi ni mkataba wa amani. Ukipandisha lazima useme kitu kuhusu maonyo makuu manne: ukatili unaoelezwa waziwazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, na ngono inayohusisha walio chini ya umri. Ama unaweka onyo, ama unasema hakuna hata moja linalohusika. Lakini kuna chaguo jingine ambalo ndo akili ilipo, unaweza kuandika kwamba mwandishi ameamua kutotumia maonyo. Maana yake nini? Maana yake lolote kati ya hayo linaweza kuwemo, ingia kwa hiari yako.

Kwanini naita akili? Kwa sababu hapo walikuwa wanagombana watu wa aina mbili na wote wana haki. Kuna msomaji anayesema niambie mapema kama kuna ubakaji, kwangu siyo burudani, ni kumbukumbu. Na kuna mwandishi anayesema nikikuambia mapema kwamba shujaa anakufa nimekuchinjia hadithi. Ukimlazimisha wa pili umemuonea, ukimuacha wa kwanza umemjeruhi. Lile chaguo la tatu linawapa wote wanachotaka, mwandishi anabaki na siri yake na msomaji anajua kwamba kuna siri, anapita pembeni. Hakuna aliyebadilishwa ladha wala aliyeombwa awe mvumilivu moyoni. Mi naona hilo ndo watu wanalikosea wakizungumzia kuishi na tofauti, wanahubiri mioyo ilainike wakati kilichofanya kazi ni kibandiko na kichujio.

Baada ya maonyo kuna tegi, yaani maneno mafupi ya kueleza kilichomo, ambazo mwandishi anajaza anavotaka, na msomaji anaweza kuchuja kwa kujumuisha au kwa kuondoa. Sasa fikiria, kitu kimoja watu elfu wanakiandika kwa njia elfu, mmoja kaandika jina kamili mwingine kifupi mwingine kakosea spelingi, kichujio kitafanyaje kazi? Kuna watu wa kujitolea, mamia, kazi yao ni kukaa na kuziunganisha hizo tegi kwa mkono ili ukiondoa moja zote za jamii yake ziondoke. Hawalipwi. Ukiona umesoma jioni nzima hujakutana na kitu unachokichukia, kuna mtu usiyemjua kakufagilia njia.

Kuna tegi moja naipenda, imetoka kwenye kichekesho cha TV cha Marekani ambapo jamaa anafungua friji anakuta mfuko umeandikwa njiwa aliyekufa, usile, anaufungua, ndani kuna njiwa aliyekufa, anabaki anasema sijui nilitegemea nini. Mashabiki wakaifanya tegi. Ikiwekwa maana yake ni kwamba yale mabaya yaliyotajwa hapo juu yamo kweli, hayajapambwa, usije ukalalamika.

Lugha nayo imesaidia. Wale watu wa makundi ya mtandaoni ya miaka ya 1990 walitunga neno squick, tulitamke skwiki, kwa kitu kinachokutia kinyaa wewe binafsi bila kuhukumu mwenye kukipenda. Kama mimi na bamia. Nikisema bamia zinaniteleza vibaya sijasema mama mkwe anayezipika ana matatizo. Na skwiki siyo sawa na kitu kinachoamsha jeraha, mtu aliyepitia jambo akakutana nalo kwenye hadithi akakosa usingizi siku tatu. Na vyote viwili siyo sawa na kusema kitu hiki ni kosa, kisiwepo duniani. Ni mambo matatu, na asilimia kubwa ya magomvi nimeyaona yanaanza pale mtu ana la kwanza lakini anaongea kwa sauti ya la tatu. Nishawahi kufanya mwenyewe. Nilimwandikia mtu kwenye komenti kwamba hawa wawili haiwezekani na wewe hujaelewa tamthilia, akanijibu kwa upole, dada ungeweza tu kufunga ukurasa. Nikaona aibu, nikafunga ukurasa.

Sasa kama AO3 imetatua, mbona bado wanagombana? Kwa sababu hadithi zinakaa kwenye ghala lakini watu hawakai ghalani. Wanakaa Tumblr, mtandao wa kijamii, wanakaa kwenye yale majukwaa ya kusambaza haraka, ambako kitu hukitafuti, kinakufuata. Rafiki yako kasambaza, kimekutokea usoni ukiwa kwenye daladala na mtu anachungulia simu yako, pilipili imerudi kwenye sufuria. Huko ndo zikakomaa zile kambi mbili za miaka ya karibuni, upande mmoja wanasema hadithi ni hadithi andika utakacho weka tegi, upande wa pili wanasema kuna mambo hayafai kuandikwa hata ukiweka tegi ishirini kwa sababu hadithi zinaunda mawazo ya watu. Kila upande una hoja na kila upande una watu wa hovyo, na kuna vijana wametishiwa maisha yao kisa wamechora picha ya wahusika wawili wa katuni.

Kisa kinachoonyesha hili likienda mpaka mwisho wake ni cha China. Februari 2020 kuna hadithi ilipandishwa AO3 kuhusu mwigizaji Xiao Zhan na mwigizaji mwenzake, watu halisi, na ilimwonyesha Xiao Zhan kwa namna iliyowachefua baadhi ya mashabiki wake. Wangeweza kupita. Wakajipanga wakaripoti kwa mamlaka, kwa wingi, na tarehe 29 Februari AO3 haikufunguka tena China. Siyo hadithi ile moja, ghala zima, kwa kila mtu, pamoja na wale ambao hawajawahi hata kumsikia huyo mwigizaji. Waliopoteza wakalipiza kwa kugomea bidhaa anazozitangaza, jamaa wa watu ambaye hakuandika wala kuripoti chochote akapigwa pande zote mbili.

Kuandika kuhusu watu halisi mi mwenyewe sijatulia nako, niseme ukweli. Mhusika wa kubuni hana mama. Mtu halisi ana mama na mama ana simu. Ila naona tofauti kati ya kutotulia kwangu na kuifungia nchi nzima.

Na kuna sehemu ambayo kibandiko hakifiki kabisa. Filamu ya Star Wars ya 2015 ilikuja na Finn, kijana mweusi kaigizwa na John Boyega, ni miongoni mwa wahusika wakuu kabisa. Mashabiki wakaandika kwa wingi wa ajabu mapenzi ya wabaya wawili wazungu ambao kwenye filamu mazungumzo yao ni machache. Ukimuuliza mmoja mmoja anakwambia ni ladha yangu tu, na huwezi kumbishia, ladha ni yake kweli. Lakini ladha elfu zikimwagika upande mmoja, kila filamu, kila mwaka, mtu mweusi anayesoma anaanza kuona kitu ambacho hakimo ndani ya hadithi yoyote moja. Na akisema, anajibiwa kama hupendi usisome! Ule msemo wa amani unageuka kuwa wa kumfungia mtu mlango. Mwaka 2020 shirika la AO3 lilikiri kwamba halijafanya vya kutosha kuhusu ubaguzi, likaahidi, na Mei 2023 mashabiki walikuwa bado wanafanya kampeni kudai ahadi. Watu wakapata uwezo wa kumzuia mtu na kumnyamazisha, ni msaada, lakini kumnyamazisha mtu mmoja mmoja siyo dawa ya kitu ambacho ni cha wote. Humlazimishi mtu kumpenda Finn. Unachoweza ni kumuacha anayelalamika alalamike bila kumwambia kwamba anavuruga amani, kwa sababu kusema naona mwelekeo huu siyo sawa na kusema wewe ni mbaya, ni zile sauti tatu tena, sema hapa ukimwambia anyamaze umemkosea wewe.

Mimi siku hizi nafungua AO3 na vichujio vyangu vimeshakaa, wauza kahawa wote nje, wahusika kufa nje, wiki yangu ikiwa nzuri naruhusu kufa. Hadithi ikiniudhi naifunga na simwandikii mtu kitu, ikinipendeza naandika komenti hata mstari mmoja.

Na lile bweni, muhula uliofuata zikaonekana kaunta buku mbili badala ya moja. Mtu kaandika juu kwa maka peni, moja TAJIRI nyingine FUNDI. Hakuna kurasa zilizochanwa tena. Mi nilikuwa wa fundi, nilijulikana bweni zima, lakini ile ya tajiri nilikuwa naiazima kwa rafiki yangu naisoma ndani ya shuka kwa tochi, na kusema kweli ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko yetu.